Kuiunganisha Mashine ya Kudarizi na Kompyuta ya Nyumbani: Somo la Likizo Kutoka Tarime

Wasomaji wenzangu, likizo ya Desemba nilifika nyumbani Tarime jioni, begi bado liko mgongoni. Nikamsalimia mama mdogo, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, halafu papo hapo: "Mura, wewe si unasoma chuo kikuu? Basi njoo uniunganishie hii mashine na kompyuta." Nikajitetea kwamba mimi nasomea ualimu, siyo mambo ya kompyuta. Akanitazama tu. "Mwalimu asiyejua kujifunza ni mwalimu wa nini?" Nikaweka begi chini.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kudarizi, ya mtumba kutoka Marekani, yenye sindano moja na kioo kidogo pembeni. Mama mdogo aliinunua kwa mkopo wa kikoba, na kwa miezi minne ilikuwa imekaa chini ya kitambaa kama televisheni ya sebuleni. Kila aliyeitwa kuitazama alibonyeza vitufe, akashona maua yaliyokuja nayo kiwandani, akaondoka. Lakini hakuna mtu Tarime anayetaka sweta la mtoto lenye ua la waridi. Watu wanataka nembo ya shule. Na nembo ya shule haimo ndani ya mashine, lazima itoke kwenye kompyuta.

Safari hii kulikuwa na oda ya masweta sitini ya shule ya msingi, yanatakiwa kabla shule hazijafunguliwa Januari. Siku zote oda za namna hii mama mdogo alikuwa anazipeleka kwa watu wengine, Mwanza au ng'ambo ya mpaka wa Sirari upande wa Kenya, na faida ikabaki hukohuko. Mara hii alikuwa ameahidi kuifanya mwenyewe.

Kulikuwa na mtu wa pili aliyeitegemea oda hiyo. Pale dukani kuna binti anayejifunza ushonaji, umri wa miaka kumi na tisa. Wanaotoka kwetu wanajua msimu wa Desemba unavyokuwa, hasa miaka inayogawanyika kwa mbili, wakati wa ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18, lakini sheria iko kwenye karatasi na sherehe iko uani. Ndiyo maana kuna nyumba za kuwahifadhi wasichana wanaokimbia, kama kituo cha Masanga huku Tarime, na ile ya Mugumu, wilaya ya Serengeti, inayoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women la Rhobi Samwelly. Binti huyu alikimbia akiwa kidato cha pili. Aliokoka, ila nyumbani walisema ada basi. Sasa anataka kufanya Mtihani wa Maarifa, ile QT, ili baadaye afanye kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mama mdogo alimwahidi kwamba ujira wake wa oda hii ndiyo utakuwa pesa ya kujiandikisha. Kwa hiyo mnaelewa kwa nini hata chai sikunywa.

Nimeandika makala hii kwa sababu najua mashine kama ile zimefunikwa vitambaa kwenye nyumba nyingi, kwetu na kwenu. Haya ndiyo tuliyojifunza, kwa mpangilio ambao laiti ningeujua siku ya kwanza.

Kabla ya kebo, soma kibao cha nyuma

Kosa la kwanza karibu nilifanye mimi msomi. Plagi ya mashine ilikuwa ya Kimarekani, ile ya vijino viwili bapa. Nikatafuta kiunganishi cha plagi, nikawa naelekea ukutani. Yule binti akasema taratibu, "Kaka, hapa nyuma pameandikwa 120V. Ukutani kwetu ni ngapi?" Ukutani kwetu ni volti 230. Ningeichomeka, mkopo wa kikoba ungeishia kwenye moshi.

Kiunganishi cha plagi hubadilisha umbo la vijino tu, hakipunguzi umeme. Mashine ya volti 120, au ile ya Japani ya volti 100, inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Habari njema ni kwamba mashine ya kudarizi ya nyumbani haili umeme mwingi, kwa kawaida haifiki wati 100, hivyo transfoma ndogo inatosha. Kama kibao kimeandikwa 100–240V, huna haja ya transfoma.

Mashine haioni picha

Jambo la pili ndilo linalowaangusha wengi. Mteja anakutumia nembo kwa WhatsApp, wewe unaiweka kwenye flashi, unaichomeka kwenye mashine, kioo kinakuonyesha patupu. Unadhani mashine mbovu. Siyo mbovu. Picha ni vidoto vya rangi, na mashine haijui rangi wala vidoto. Inachojua ni amri: sogea kulia milimita mbili, choma, sogea mbele kidogo, choma, simama, badilisha uzi, endelea. Faili la kudarizi ni orodha ndefu ya amri hizo, maelfu kwa maelfu.

Kwa hiyo kubadilisha jina la picha, ukafuta ".jpg" ukaandika ".pes", hakusaidii kitu. (Ndiyo, nilijaribu. Msinicheke.) Ni sawa na kubandika lebo ya sukari kwenye gunia la chumvi. Lazima mtu akae na kompyuta aigeuze picha kuwa safari ya sindano.

Halafu kila familia ya mashine ina lugha yake ya faili. Mashine za Brother husoma PES. Janome husoma JEF. Husqvarna Viking na Pfaff za siku hizi hutumia VP3. Bernina nyingi husoma EXP. Mashine kubwa za viwandani za Tajima zina DST, na hii ndiyo imekuwa kama Kiswahili cha mashine za kudarizi, kwani nyingi za makampuni mengine zinaielewa pia. Ila DST haibebi rangi za uzi, inabeba tu alama za "simama hapa ubadilishe". Ukiona nembo ya bluu ya shule imetokea ya waridi kwenye kioo, usiogope. Weka uzi wa bluu, mashine itashona bluu.

Njia za kuunganisha

Mimi nilidhani "kuunganisha" maana yake kompyuta inaiendesha mashine muda wote, kama dereva na gari. Kwa mashine nyingi za nyumbani si hivyo. Kompyuta inatengeneza faili, faili linahamia kwenye mashine, basi. Baada ya hapo unaweza kuzima kompyuta ukailaza. Hili ni jambo kubwa kwa watu wa kipato chetu, kwani unaweza kuazima kompyuta ya jirani nusu saa, ukamrudishia, na kazi ikaendelea.

Njia za kuhamisha faili ziko chache:

Ya kwanza ni kebo ya USB. Mashine zenye tundu la mraba pembeni hutumia kebo ambayo mara nyingi ni ile ile ya printa. Ukichomeka, mashine inatokea kwenye kompyuta kama diski ya ziada. Unanakili faili humo, unalitoa salama, unachomoa. Usichomoe faili likiwa bado linapita, na usitume faili jipya mashine ikiwa inashona.

Ya pili ni flashi, na hii ndiyo inayotufaa zaidi huku, maana kompyuta inaweza kuwa steshenari na mashine iko nyumbani.

Ya tatu ni zile za zamani. Janome walipotoa Memory Craft 8000 mwaka 1990, mapambo yaliingizwa kwa kadi ndogo. Baadaye zikaja mashine za disketi. Ukiuziwa mashine ya namna hiyo kwa bei ya kutupa, uliza kwanza kama kadi na kifaa chake cha kuandikia vipo. Bila hivyo umenunua pambo la sebuleni.

Ya nne ni Wi-Fi, kwenye mashine mpya. Sina la kuongeza hapo, yetu haikuwa nayo.

Kwa nini flashi yetu ilikataliwa

Siku ya pili tulikuwa na faili halali la PES. Mama mdogo alimlipa fundi mmoja wa mjini aligeuze, shilingi elfu thelathini kwa nembo moja. Tukachomeka flashi. Mashine kimya. Mama mdogo akaniangalia kwa jicho ambalo watoto wa Kikurya wanalifahamu.

Kumbe matatizo yalikuwa matatu kwa pamoja.

Kwanza, flashi ilikuwa ya GB 64, imepangwa kwa mfumo wa exFAT. Mashine nyingi za nyumbani zinataka FAT32, tena flashi ndogo. Flashi ya zamani ya GB 4 iliyokuwa inapigiwa nyimbo kwenye redio ndiyo iliyotuokoa. Ukiipanga upya chagua FAT32, lakini hamisha vitu vyako kwanza maana vyote vinafutika.

Pili, virusi. Flashi imepita steshenari, mnajua wenyewe. Kile kirusi kinachoficha mafaili yako na kuacha njia za mkato mahali pake kiliifanya mashine iitazame flashi isione kitu. Flashi ya mashine iwe ya mashine tu. Usichapie nayo asaimenti.

Tatu, ukubwa wa fremu. Hili ndilo yule binti aliligundua, kwa akili yake mwenyewe. Alikaa anasoma kijitabu cha mashine, Kiingereza anakipasua neno kwa neno, akasema, "Kaka, fremu yetu ni sentimita kumi kwa kumi. Nembo ya fundi ina ukubwa gani?" Tukaifungua kwenye kompyuta: sentimita kumi na moja na nusu. Mashine nyingi hazikuambii "nembo ni kubwa mno". Zinaificha tu, au zinaikataa. Nembo lazima itoshe ndani ya eneo la kushonea la fremu, si milimita moja zaidi.

Ongeza na jina la faili. Letu lilikuwa sentensi nzima yenye mabano na "mwisho kabisa (2)". Tukaliita NEMBO1.PES. Herufi chache, namba, hakuna mabano wala alama za ajabu.

Kutengeneza nembo wenyewe

Kuipunguza nembo ya fundi isingekuwa suluhisho. Ukiminya faili la kudarizi sana, michomo ile ile inabanana mahali padogo, uzi unakatika, sindano inavunjika. Tukaamua kuitengeneza upya, na hapo ndipo likizo yangu ilipoishia.

Kuna programu za kulipia, Wilcom na Embird kwa mfano. Sisi tulitumia Ink/Stitch, ambayo ni ya bure kabisa na inafanya kazi ndani ya Inkscape, programu nyingine ya bure ya kuchorea. Unaipakua mara moja, kisha huhitaji intaneti. Kazi inakwenda hivi:

Unaweka picha ya nembo chini, unachora juu yake kwa mistari, kila rangi umbo lake. Unachagua kila umbo na kuliambia lishonwe vipi. Mstari mwembamba unashonwa kwa mshono wa kupita tu. Herufi na mipaka hushonwa kwa ule mshono wa kung'aa unaokwenda kulia na kushoto. Eneo pana linajazwa kwa safu. Ule wa kung'aa usizidi upana wa milimita saba hivi, la sivyo nyuzi zitaning'inia na kunaswa na vifungo vya mtoto. Nafasi kati ya nyuzi zake, milimita 0.4 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kisha unaiangalia kwenye onyesho la programu, ambapo sindano ya mfano inapita njia yote kabla hujapoteza uzi. Mwisho unahifadhi nakala mbili: mchoro wenyewe kama SVG, ili uweze kurekebisha kesho, na PES kwa ajili ya mashine.

Jaribio letu la kwanza, jamani. Duara lilitoka yai. Kaulimbiu ya shule iligeuka mabonge ya uzi. Sababu zilikuwa wazi baadaye. Sweta ni kitambaa kinachovutika, na kila mchomo unakivuta ndani kidogo. Herufi zilikuwa na urefu wa milimita tatu, na uzi wenyewe una unene wake. Chini ya milimita tano, herufi zinaanza kumezana.

Mama mdogo ndiye aliyetoa jibu, wala hakugusa kompyuta. "Kwani lazima mshonee kwenye sweta? Shoneni beji kwenye kitambaa kigumu, mimi nitaibandika kwa cherehani." Miaka ishirini ya ufundi ikatushinda sote wawili na programu zetu. Kitambaa cha suruali, chini yake kitambaa kingine cha kukishikilia, duara likatoka duara. Kaulimbiu tukaiondoa, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Na hili msilisahau: nembo ni mali ya mwenyewe. Shule, kanisa au kampuni, omba ruhusa kabla hujaishona.

Hesabu ya muda, na umeme wa kukatika

Wanafunzi wa hesabu mnisahihishe. Nembo ya fundi ilikuwa na michomo 9,000. Mashine yetu inachoma mara 400 kwa dakika. Hiyo ni dakika 22 na nusu za sindano peke yake. Ukijumlisha kubadilisha nyuzi nne na kufunga fremu, kila beji dakika 35. Beji sitini ni saa 35. Tulikuwa tumebakiwa na siku tano.

Nembo yetu mpya ilikuwa na michomo 6,000, dakika 15. Tukapanga rangi zifuatane, njano zote pamoja, kijani zote pamoja, ili mashine isisimame ovyo. Kila beji ikawa dakika 25, na beji sitini zikawa saa 25, yaani saa tano kwa siku. Inawezekana, kama umeme upo.

Haukuwepo. Siku ya pili ya kushona ulikatika katikati ya beji ya kumi na tisa. Baadhi ya mashine zinakumbuka zilipoishia. Yetu iliwaka ikiwa imeanza upya kabisa, na kitambaa kiko kwenye fremu, nusu kimeshonwa. Mimi nikashika kichwa. Binti akafungua daftari. Kumbe tangu beji ya kwanza alikuwa anaandika namba ya mchomo kila baada ya dakika chache, kutoka kwenye kioo. Mstari wa mwisho: 4,150. Mashine nyingi zina kitufe cha kuruka mbele kwa michomo bila kushona. Tukaruka hadi 4,140, tukarudi nyuma kidogo ili uzi uungane, tukaendelea. Ukiitazama leo huwezi kujua ni beji ipi. Sharti ni moja: usikitoe kitambaa kwenye fremu. Ukikitoa, hakirudi palepale.

Beji ya sitini ilitoka Jumamosi usiku, shule zinafunguliwa Jumatatu. Jumapili mama mdogo alibandika hadi mkono ukavimba.

Kwa nini nawaandikia ninyi

Tunaosomea ualimu tunakwenda BTP kwenye shule zenye chumba cha kompyuta kilichofungwa kufuli, au tunafundisha "sehemu za kompyuta" kwa kuchora kipanya ubaoni. Mimi mwenyewe nimefundisha hivyo. Pale dukani niliona somo moja limebeba vipimo, uwiano, mifumo ya mafaili, volti na Kiingereza cha kijitabu, na mwanafunzi hakuuliza hata mara moja "hii itanisaidia nini".

Soko lipo pia. Shule ndizo hizo. Kwaya za makanisa zinataka sare, Wamennonite na wenzao wote. Upande wa Serengeti kuna mahoteli na waongoza watalii wanaovaa fulana zenye nembo. Nyamongo kuna mgodi, na mgodi una ovaroli. Kazi hizi nyingi zinafanywa mbali kwa sababu ya hatua moja tu, ile ya kutoka kwenye picha kwenda kwenye faili. Anayeijua hatua hiyo ndiye anayelipwa zile elfu thelathini.

Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna mashine imefunikwa kitambaa, fuata mpangilio huu: volti, aina ya faili, ukubwa wa fremu, flashi ndogo ya FAT32, jina fupi, kisha jaribu kwenye kitambaa cha ovyo kabla ya cha mteja. Na mpe kazi ya kompyuta yule anayeshinda na mashine, siyo mgeni wa likizo. Mimi niliondoka Januari. Angekuwa ananitegemea mimi, mashine ingerudi chini ya kitambaa.

Binti alipata ujira wake, akajiandikisha. Wiki mbili zilizopita, bumu halijaingia na nimelala na njaa yangu hosteli, akanitumia ujumbe: "Kaka, sare za kwaya. Uzi unakatika kwenye herufi S tu. Kwa nini?" Nikaanza kuandika jibu refu, la kitaalamu. Kabla sijalimaliza ukaingia mwingine: "Tayari. Michomo ilikuwa imebanana kwenye kona, nimeipunguza."